Breki ya Kaka Mkubwa

Kaka Mkubwa alifundisha udereva muda mrefu hata mguu wake wa kulia ukasahau kustaafu. Gari la shule lilikuwa na breki mbili, moja ya mwanafunzi na moja ya mwalimu. Siku aliyoacha kazi alilirudisha gari, lakini ile breki ya mwalimu alirudi nayo nyumbani. Akisikia jambo la kumtisha, hata akiwa amekaa kwenye kochi, mguu huo hukanyaga sakafu. Zulia la sebuleni lilikuwa na tundu hapo, na mkewe alikuwa amechoka kulishona.

Jioni ile mdogo wake aliposema, "Kaka, nataka kusafiri nje ya nchi, peke yangu," sakafu ililia puu!

Mdogo wake huyo watu walimwita Fundi Miwani, kwa sababu alifanya kazi ya kukata vioo na kukaza fremu katika duka la miwani. Mumewe alikuwa ametangulia mbele za haki, na watoto walikwisha kuwa na miji yao. Maisha yake yote ya kazi alikuwa amewasaidia wengine kuona mbali, na sasa alitaka kuona kidogo yeye mwenyewe. Likizo alikwisha kupewa, pasipoti ilikuwa mkobani. Kilichobaki ni baraka. Angeweza kuondoka tu, mtu mzima haombi ruhusa. Lakini marehemu baba yao aliwaachia neno, kwamba asitoke mtu nyumbani huku nyuma pamenuna, na Fundi neno hilo alilishika. Bila mkono wa Kaka kichwani mwake, ndege hapandi.

Shangazi yao alikuwa pale pale, ameshika kikombe ambacho alikuwa bado hajamaliza kukiombea.

"Peke yako na nani?" akauliza.

"Peke yangu, Shangazi. Na Mungu."

"Mungu namjua. Namwulizia huyo mwingine."

"Hakuna mwingine. Nimesoma, kuna nchi zinasifiwa kwa usalama wa wanawake wanaosafiri wenyewe. Kama Aislandi. Iko kaskazini kabisa, ina baridi, na mahali pengine ardhi inatoa mvuke."

Puu! "Inatoa nini?" Kaka akasema. "Gari likitoa moshi watu hushuka. Wewe ndiyo unataka kupanda?"

"Basi Japani."

"Treni za kule zinakwenda mbio sana. Ukisinzia kidogo, umeipita nchi."

"Ureno je?"

Kaka hakuwa na kasoro ya Ureno karibu. Akakohoa. "Ureno tutaichunguza."

"Nchi salama kwa mwanamke," Shangazi akasema, "ni ile yenye ndugu zake."

"Shangazi, nchi yenye ndugu zangu ni hii, na pochi yangu iliibiwa kwenye harusi ya kwetu."

"Hatukusema ni nani," Shangazi akajibu upesi, akanywa.

Kaka akanyanyua kidole, kama alivyokuwa akifanya kabla ya kumfundisha mtu kugeuza gari kilimani. "Sikiliza, mdogo wangu. Sijawahi kumpitisha mtu bila mtihani wa barabarani. Jumamosi utakwenda mji usioujua. Utafika peke yako, utatafuta nyumba ya wageni, utakula, utalala, utarudi. Mimi nitakaa hapa na simu yangu. Ukirudi mzima nakuwekea mkono kichwani, uende hata kwenye huo moshi."

"Na hutaingilia?"

"Kwenye mtihani mwalimu akikanyaga breki, mwanafunzi amefeli. Sheria ni hiyo, na mimi siivunji."

Shangazi akafunga kikao kwa sala. Aliombea basi, dereva wa basi, tairi moja moja, na mashuka ya nyumba ya wageni. Mwisho akasema, "Na pale atakapofikia, Bwana, mwekee mtu mlangoni. Awe na macho, awe na mdomo. Amina."

Jumamosi Fundi alishuka stendi ya mji wa watu akiwa na begi dogo. Hakusimama katikati kuduwaa. Aliingia duka la dawa, akanunua vidonge vya koo ambalo halikuwa likimwuma, akamwuliza mwuzaji nyumba ya wageni ambayo yeye angemlaza dada yake. Mwuzaji alitaja moja bila kufikiri, akamwonyesha na njia. Fundi akaona mtihani si mgumu kumbe.

Njiani akapita duka la miwani, na fundi wa miwani hapiti duka la miwani bila kusimama. Alipokuwa akizikagua fremu za wenzake, aliona kwenye kioo cha dirisha, ng'ambo ya barabara, mwanamume aliyevaa koti la mvua. Jua lilikuwa linachoma kisogo. Mtu yule alivaa pia miwani ya jua, na kwenye bawaba ya kushoto ilimeremeta skrubu ya rangi ya shaba. Skrubu ile Fundi aliifunga kwa mkono wake, siku Kaka alipoikalia miwani hiyo na skrubu nyeusi zikawa zimekwisha dukani.

Kaka alikuwa amejificha kwenye meza ya nguo za watoto wachanga.

"Mzee, unanunua au unanusa?" mwenye meza akamwuliza.

Kaka akanunua kofia, ili mambo yaishe.

Fundi akabaki njia panda. Akimwita, mtihani umeharibika. Akimkimbia, mzee wa watu atapotea. Akaamua kwenda zake kama mtu asiyeona, ila kwenye kuvuka barabara alipunguza mwendo, maana goti la Kaka lilikuwa na maneno yake.

Kwenye mapokezi ya ile nyumba ya wageni palikuwa na mhudumu, mama mmoja mpana, funguo zikining'inia shingoni kwa kamba. Aliandika, akatoa taulo, kisha akainama na kunong'ona.

"Dada, yule wa koti la mvua ni mwenzako?"

"Yupi?"

"Ulipoingia tu, naye akatokea. Amechungulia dirisha lile, amechungulia hili, na sasa amechutama nyuma ya tangi la maji."

Fundi hakupata nafasi ya kujibu. Mama yule alimvuta mkono, akamweka nyuma ya meza yake, akashika fagio. "Wewe kaa hapa. Hapa kwangu mwanamke haviziwi." Akamwita mlinzi, wakatoka. Haikupita dakika Kaka Mkubwa aliletwa ndani ameshikwa kola.

"Unamfuata huyu mama kwa nini?" mhudumu akamwuliza.

"Mimi? Mimi ni mpita njia."

"Njia inaishia kwenye tangi letu?"

Mlinzi akatia mkono kwenye mfuko wa koti, akatoa kofia ya mtoto mchanga, ya waridi, yenye masikio ya sungura. Wote wakaitazama.

"Una mtoto?" mhudumu akauliza polepole.

"Nina wajukuu."

"Mdogo ana umri gani?"

"Yuko chuo."

Mhudumu akachukua simu. "Polisi watamaliza."

Mguu wa Kaka ukakanyaga sakafu ya mapokezi, puu! Akamtazama mdogo wake kwa yale macho ya mwanafunzi aliyezimikiwa na gari katikati ya makutano. "Waambie," akasema.

"Kwanza nikuulize," Fundi akasema kwa upole. "Mwalimu akikanyaga breki wakati barabara ni nyeupe, anayefeli ni nani?"

Kaka akajibu kitu kwenye kola.

"Hatujasikia," akasema mhudumu, ambaye hakujua kesi ni ya nini lakini tayari alikuwa na upande.

"Mwalimu," Kaka akasema. "Anafeli mwalimu."

Fundi akamgeukia mhudumu. "Mwachie, dada yangu. Ni kaka yangu wa kuzaliwa. Ndiyo mara yake ya kwanza kusafiri peke yake."

Basi la mwisho lilikuwa limeondoka, kwa hiyo Kaka naye akachukua chumba. Asubuhi, huku akimimina chai, mhudumu alimweleza Fundi kwamba kaka yake aliegemeza kiti mlangoni, kisha akapiga simu mapokezi kuuliza ni nani anayekoroma ukutani. Lilikuwa friji.

Kaka alikunywa chai. Alipofika katikati ya kikombe akasema, "Mdogo wangu, hofu yangu ilikuwa moja. Kwamba huko ukipatwa na jambo, hakuna wa kusimama mbele yako. Jana mtu asiyekujua alisimama mbele yako na fagio." Akajipapasa shingo. "Na mbaya wako nilikuwa mimi."

"Shangazi aliomba mtu mlangoni, mwenye macho na mdomo."

"Mdomo alijaliwa."

Simu ikalia. Alikuwa Shangazi, na sauti yake ilijaa chumba kizima. "Umeamka salama, mwanangu?"

"Salama kabisa, Shangazi. Niko na Kaka hapa."

"Najua. Koti langu halijachanika?"

Fundi akamtazama Kaka. Kaka akatazama chai. Halafu akainuka, akaweka mkono wake mzito juu ya kichwa cha mdogo wake, na Shangazi akaomba kwenye simu. Aliomba taratibu, kwa sauti ambayo safari hii haikuwa na mashaka ndani yake. Amina kubwa kuliko zote ilitoka mapokezi, pamoja na mlio wa funguo.

"Haya," Kaka akasema, akiketi. "Ni Ureno, siyo?"

"Aislandi, Kaka."

Kisigino kikanyanyuka. Fundi aliuona mguu ule ukitafuta sakafu. Kaka akaushika kwa mikono miwili, akaunyanyua, akaupandisha juu ya goti la kushoto, akaukalisha hapo.

"Chukua sweta," akasema.