Poda ya Simu

Mke wangu Choleng alikufa na uso wa manjano kama ndizi mbivu, na binti yetu wa pekee hakujua hata siku moja kwamba uso huo umegeuka. Nasema haya kwa hasira. Sijui nimkasirikie nani, basi naikasirikia simu, maana ndiyo iliyo karibu.

Simu yenyewe alituletea binti huyo, Analyn. Sisi tuko Ufilipino, yeye yuko Taiwan, kwenye kiwanda cha kamera za simu, na kazi yake ni kuinamia hadubini akikagua lenzi. Chembe ya vumbi ambayo mimi na wewe tusingeiona hata ikitutua puani, yeye anaiona, na lenzi nzima inatupwa. Wafanyakazi wenyewe hawaruhusiwi kuingia na simu. Wanazifungia kwenye makabati getini, wanavaa yale mavazi meupe yanayoacha macho tu. Kwa hiyo tulikuwa tukimpata Jumapili, baada ya misa.

Ini la Choleng lilipoanza kumsumbua, akagundua kitufe fulani kwenye simu. Ukikibonyeza, ngozi inalainika, mashavu yanapata damu, hata midomo inaiva. Mimi ni kinyozi. Nikamwambia hiyo si kitu, ni poda tu kama ninayowapaka wateja shingoni. Jina likabaki hilo. Kila Jumapili anaketi mezani, anajitengeneza nywele, ananiita: "Ponso, nitie poda."

"Mwambie mtoto ukweli, Choleng."

"Nimwambie ili iweje? Avunje mkataba aje kunishika mkono? Nani atampa kazi tena? Desemba anamaliza. Nitamngoja."

"Na ini lako limekubali kungoja?"

"Wewe ni kinyozi, nyoa. Ya ini niachie mwenyewe."

Akaniapisha mbele ya sanamu ya Mtoto Yesu iliyo juu ya kabati. Ningefanya nini? Mgonjwa hashindwi kwa maneno.

Na Analyn huko aliko anafurahi. Kwake Choleng ni Nanay au Nay, yaani mama, nami ni Tay, baba. "Nay, mbona unazidi kuwa mrembo? Tay anakulisha nini?"

"Ananilisha maneno matamu."

"Tay? Huyo huyo?"

Jirani yetu Aling Saning naye anachungulia begani: "Mwone bibi huyu! Ponso, kaa chonjo, utaibiwa mke." Sote tunacheka. Simu ikizimwa, wekundu unaondoka, na Choleng analala kabla sijamvua viatu. Vile vicheko vinaniuma mpaka leo.

Alikufa Novemba, asubuhi, uji wake ukiwa bado wa moto. Nilipompigia Analyn alirudia neno moja tu: "Lakini Jumapili alikuwa mzima. Lakini Jumapili alikuwa mzima, Tay." Nilidhani nitamweleza akifika.

Hakufika. Kimbunga kilipiga, uwanja wa ndege ukafungwa. Tukaongeza siku za kukesha na maiti kabla ya kuzika, kama tunavyofanya sote huku tukimsubiri mtoto aliye ng'ambo. Watu wakacheza karata, wakanywa kahawa, wakamaliza biskuti, wakaanza tena. Mwishowe padri akasema kesho lazima tuzike, barabara ya makaburini inaliwa na maji.

Basi mchana ule Analyn akapiga. Alikuwa amekaa chini uwanjani Taiwan, ameegemea sanduku lake. "Tay, nionyeshe Nanay."

Nikaigeuza simu juu ya kioo cha jeneza.

Nikamsikia akisema kwa adabu, kama anayemrekebisha mteja: "Tay, siye huyo. Umenionyesha mtu mwingine."

"Ni mama yako, mwanangu."

"Hapana. Mbona amekonda hivyo? Mbona ana rangi hiyo? Tay, wamekosea huko walikomwandaa. Waambie wamekosea!"

Wacheza karata wakaacha karata. Hapo ndipo nilipomweleza yote, nimesimama, simu mkononi, mbele ya watu: ini, poda, kiapo. Kila neno lilinitoka kama jino. Analyn hakulia. Alisema, "Mimi ndiye ninayekagua kamera hizo, Tay," kisha akasema tena, polepole zaidi. Halafu: "Mtie poda."

"Analyn..."

"Mtie, Tay. Simjui huyu. Nirudishie Nanay wangu."

Nikabonyeza. Kile kitufe kikatafuta uso. Wa Choleng hakikuuona, sijui kwa sababu ya macho yaliyofumbwa. Kikauona wangu, kivuli changu kwenye kioo cha jeneza, kikanipaka mimi. Nikajiona hapo juu ya mke wangu, mzee wa mashavu mekundu na midomo iliyoiva. Chozi likanijia, na Aling Saning akanivuta kola haraka. Kwetu chozi halidondoki juu ya jeneza, linamwekea marehemu mzigo njiani.

"Toa," Analyn akasema. "Toa, toa. Nionyeshe mikono yake."

Nikakiinua kile kioo. Aling Saning akanong'ona kwamba haifai, nikamwambia anyamaze. Mkono wa kulia wa Choleng ulikuwa na kovu la mkaa wa kuokea bibingka, keki zetu za mchele, toka Analyn akiwa mdogo. Poda ilikuwa ya uso tu. Mikono haikuwahi kuigusa.

"Ndiye," Analyn akasema, na hapo sauti ikamkatika. "Ndiye, Tay. Ni Nanay."

Kisha akainama kuomba baraka, maana kwetu mtoto huugusisha mkono wa mkubwa kwenye paji lake. Kioo cha simu chote kikawa paji la uso wake. "Mano po, Nay."

Nikauinua mkono wa mke wangu, nikauegemeza kwenye paji lile, kama alivyofanyiwa tangu alipojua kusimama. Mkono ulikuwa baridi, simu ilikuwa ya moto. Naye hakuinua kichwa. Tulimfundisha wenyewe: mtoto hainuki mpaka mkubwa amjibu.

Nikangoja, sijui nangoja nini. Mwishowe nikajibu mimi. "Mungu akurehemu, mwanangu."

Akainuka. Akafuta pua kwa kiganja, akanitazama.

"Na wewe, Tay? Unaumwa?"

"Siumwi."

"Kweli?"

"Kweli kabisa, mwanangu. Mimi mzima."

Akausogeza uso wake karibu na simu, akafinya jicho moja kama anavyofanya kazini, akanikagua, paji, macho, mashavu. Nilikaa vile vile bila kutikisika ili anione vizuri. Nilikuwa nasema kweli, na niliona kwamba haniamini.