Ndoo ya Shari

Kila alfajiri, saa kumi na moja juu ya alama, Kamanda aliingia bandani kupigana na farasi. Alifunga mlango kwa komeo, akatundika kofia kwenye msumari, akakohoa mara moja kama mtu anayetaka kuhutubia, kisha akaipiga ndoo ya bati teke. Ndoo ilibingirika ikagonga ukuta wa mbao, na kishindo chake kikasikika hadi kwenye tanuri la mikate upande wa pili.

"Shari!" alinguruma. "Mnyama usiye na haya! Leo mmoja wetu hatoki humu mzima!"

Shari, farasi mwenyewe, alifungua jicho moja.

Teke la pili. "Unanirukia mimi? Mimi niliyekulea?"

Shari alifungua jicho la pili, akatafuna kidogo, akajinyoosha.

Teke la tatu, kisha kimya kirefu, kisha sauti ya mtu aliyechoka: "Haya, basi, yaishe. Twende kazini." Hapo Shari alijongea mwenyewe, akainamisha kichwa, akavishwa hatamu bila hata kupepesa. Kamanda alijipaka vumbi begani, akafungua kifungo kimoja cha shati, akatoka nje akichechemea, amemshika farasi hatamu kwa ufupi kama askari aliyemkamata jambazi sugu.

"Pole, Kamanda," wafanyakazi wa kiwanda cha mikate walimwambia, mmoja baada ya mwingine.

"Leo alikuwa na siku mbaya," alijibu. Alijibu hivyo kila siku.

Sasa, tusimwonee mzee wa watu. Zamani Shari alikuwa shari kweli, na jina hakupewa na mwendawazimu. Alipofika pale akiwa na miaka mitano aling'oa mlango wa banda wiki ya kwanza, akala kofia ya tarishi wiki ya pili, na ya tatu akamtumbukiza fundi bomba kwenye hodhi la maji. Madereva watatu wa gari la mikate walimkimbia. Mmoja aliacha viatu, na mpaka leo hajavifuata. Kamanda ndiye aliyebaki, na hakubaki kwa nguvu wala kwa kiboko. Alibaki kwa sababu alikuja kila siku saa ileile, akamlisha kwa ndoo ileile, akapita naye mitaa ileile, akaumwa, akafunga kitambaa, akarudi kesho yake. Mtu akikuganda namna hiyo miaka kumi na saba, hata uwe na moyo wa jiwe utamzoea.

Ukali wa Shari haukuondoka siku moja. Kwanza aliacha kuuma watu. Baadaye akaacha kurusha mateke, ila Jumatatu tu. Mwishowe hata Jumatatu ikawa siku kama siku nyingine. Miaka sita iliyopita, Kamanda aliingia bandani akamkuta paka amelala mgongoni kwa Shari, wote wawili wanakoroma. Mtu mwingine angefurahi. Kamanda alifunga mlango haraka, akachungulia kwenye ufa kuona kama kuna aliyeona.

Alikuwa na sababu. Wiki hiyohiyo, bosi mpya alikuwa amemwita ofisini. Bosi huyo alikuwa binti wa bosi wa zamani, msichana ambaye Kamanda alimwona akitambaa kwenye unga, na sasa alikuwa amevaa miwani na kushika kiwanda kizima. Akamwambia kwa upole, "Mjomba, umetumika sana. Si ukae nyumbani sasa, upumzike?"

"Na Shari ataendeshwa na nani?" Kamanda aliuliza.

Bosi alifikiria. Wafanyakazi waliokuwa mlangoni walitazama viatu vyao. Hakuna aliyejitolea, na habari ya kupumzika ikaishia hapo.

Kwa hiyo riziki ya moyo wake ilining'inia kwenye ukali wa farasi, na farasi ndiye huyo, analala na paka. Kamanda aliogopa kupumzika kuliko alivyowahi kuogopa kwato. Shemeji yake alikuwa amepumzika mwaka mmoja tu, na sasa alishinda dirishani akiwaambia wapita njia kwamba wamefunga vifungo vibaya. Kamanda alimwangalia akaapa kwamba yeye hafiki huko. Ndipo akaanza kuipiga ndoo teke.

Mambo yalikwenda vizuri mpaka usiku mmoja mvua iliponyesha. Paa la banda lilivuja, na ndoo ilikuwa chini ya tundu. Alfajiri Kamanda aliingia, akafunga komeo, akatundika kofia, akakohoa, akarusha teke la nguvu zake zote kwenye ndoo iliyojaa maji pomoni.

Ndoo haikutikisika. Kidole gumba cha mguu ndicho kilichotikisika.

"Mama yangu!" Kamanda alipiga yowe, akaanguka chali. "Nakufa! Jamani, nakufa!"

Upande wa pili wa ukuta kazi ilisimama kidogo. "Hiyo mpya," alisikika mwokaji, yaani yule mkuu wa tanuri, jitu la miraba minne lenye sauti nyororo. "Leo Kamanda amejitahidi."

"Nisaidieni! Sifanyi utani!"

"Hata mimi ningeamini," alisema mkandaji mmoja, na mikono ikarudi kwenye unga.

Shari alikuja taratibu, akasimama juu yake, akampumulia utosini. Hakuwa na wasiwasi wowote. Alionekana anangoja maneno yaliyobaki.

Ilipopita robo saa bosi akaja mwenyewe kugonga mlango. Na hapo ndipo utaona binadamu alivyo. Mtu amelala kwenye tope, kidole kimevimba kama boga, lakini alichokiwaza ni kwamba mlango ukifunguliwa wataona paka mgongoni kwa Shari. "Msiingie!" alipaza sauti. "Leo ana wazimu!" Akatambaa hadi mlangoni, akafungua kwa upana wa mwili wake tu, akajipenyeza nje kwa tumbo, akaufunga kwa mguu mzima.

Daktari alisema kidole kimevunjika. Akakifunga bandeji kubwa, akaamuru siku kumi za kitandani. Kamanda aliwatumia ujumbe wafanyakazi: mtu asiingie bandani, majani yarushwe kupitia dirishani, na anayejipenda asimwangalie farasi machoni. Kisha akalala kumngoja mkewe, fundi cherehani aliyepita kiwandani kila jioni kununua mkate, amletee habari.

Siku ya kwanza mkewe alisema, "Hakuna aliyeingia." Kamanda akapumua.

Siku ya pili mkewe aliweka mkate mezani, akakaa, akatunga uzi kwenye sindano bila haraka. "Bosi ameingia," alisema.

Kamanda aliketi wima. "Akafanywa nini?"

"Hakufanywa kitu. Ametoka mzima, ana manyoya ya paka kwenye sketi."

Kamanda alijifunika shuka gubigubi. Humo ndani aliliona dirisha la shemeji yake, na kiti cha pili kando yake. "Basi nimekwisha," alisema, na machozi yakamtoka kweli, wala hakuona aibu kwa kuwa shuka lilimsitiri. "Miaka sita, mke wangu. Miaka sita napigana na mnyama anayeogopa panya."

"Najua," alisema mkewe.

Shuka lilishuka hadi puani. "Unajua nini?"

"Mume wangu, mimi ndiye ninayefua mashati yako. Mtu wa kupigana na farasi hachafuki bega lilelile kila siku." Akakata uzi kwa meno. "Kula mkate. Umeungua, lakini ndio uliokuwepo."

Siku ya tatu bosi alikuja nyumbani. Alibisha hodi, akatoa shikamoo, akavuta kiti cha cherehani akakaa. Mkononi alikuwa na mkate mweusi kama kitako cha sufuria. Kamanda aliuangalia, akaona ni heri aanze yeye.

"Mwanangu, usihangaike kutafuta maneno. Nitapumzika. Shari hana ukali, hana tangu miaka sita iliyopita. Nimekudanganya."

"Mjomba," alisema bosi, "ukuta ni wa mbao."

"Najua ni wa mbao. Niliupigilia mimi."

"Una nyufa za kupitisha mkono. Tulikuona tangu wiki ya kwanza."

Miaka sita ya vumbi begani ilipita mbele ya macho ya Kamanda, siku kwa siku, pamoja na kila "pole, Kamanda" aliyoipokea kwa uso wa ushujaa. Masikio yalimwaka moto.

"Mbona hamkusema?"

"Baba alinikataza. Aliniambia, siku Kamanda akiacha kuipiga ndoo, ujue amechoka, hapo mpe mapumziko yake. Kabla ya hapo usimguse." Bosi alivua miwani akaifuta. "Nikakungoja uchoke, mjomba. Hukuchoka. Sasa mwokaji naye akawa anatoa mikate kwenye teke la pili. Saa ya ukutani imekufa mwaka wa nne huu, hakuna aliyekumbuka kuitengeneza. Siku tatu hizi tumeuza makaa."

"Pigeni ndoo wenyewe."

"Tumepiga! Mikate ikitoka, haina wa kuibeba, maana Shari hatoki. Nimemvuta, nimembembeleza, nimempa karoti, akala karoti. Mwokaji ameipiga ndoo mpaka imebonyea, ametukana mpaka akaishiwa, akaanza kutukana jamaa zake mwenyewe. Farasi amempa mgongo." Akamsogelea karibu, na Kamanda akamwona tena yule mtoto wa kwenye unga. "Ulisema hakuna mwingine anayeweza kumtoa bandani. Ulisema uongo, mjomba, na umeusema kila siku mpaka umekuwa kweli."

Mkewe aliinamia cherehani, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

Kesho yake alfajiri walimleta Kamanda kwa toroli la unga, bandeji imetangulia mbele. Akashuka, akaegemea gongo, akaingia bandani, akafunga komeo. Akatundika kofia. Akakohoa.

Ndipo akagundua kwamba hawezi. Nyuma ya ukuta hakukuwa na sauti ya kukanda wala ya kucheka. Wote walikuwa wamesimama wanasikiliza, naye sasa alijua kwamba wanasikiliza. Aliona haya kama bwana harusi. Aliigusa ndoo kwa gongo, polepole, ti.

"Shari," alisema kwa sauti ya chini. "Mzee mwenzangu. Wamejua. Tuseme ukweli tu, mimi na wewe tumezeeka, na hakuna ubaya. Nilikukumbuka, unajua? Kitandani pale nilikukumbuka kuliko nilivyokumbuka usingizi. Njoo basi, twende taratibu."

Yalikuwa maneno mazuri kuliko yote aliyowahi kumwambia, na yalitoka moyoni. Shari aliyasikiliza mpaka mwisho, akamtazama kama mtu aliyeletewa chakula ambacho hakuagiza, akafumba macho.

"Shari, tafadhali."

Paka alijigeuza upande wa pili, akaendelea kulala.

"Kamanda!" mwokaji alilia kutoka tanurini, sauti yake nyororo imepasuka. "Kwa hisani yako! Mikate inaungua!"

Kamanda aliuangalia ukuta, akaiangalia ndoo, na kitu kikampanda kutoka kwenye kidole kilichovunjika hadi kooni. Aliinua gongo akaibamiza ndoo, ikaruka, ikagonga mbao. "Mnyama usiye na haya! Leo mmoja wetu hatoki humu mzima!"

Jicho moja likafunguka.

Kishindo cha pili. "Unanirukia mimi? Mimi niliyekulea?" Upande wa pili mlango wa tanuri ulifunguliwa kwa haraka, na harufu ya mkate ulioiva, ulioiva vizuri kabisa, ikapenya kwenye nyufa.

Kishindo cha tatu, kisha kimya. Shari alivuta pumzi ndefu, akamshusha paka kwa adabu, akajongea, akainamisha kichwa.

"Haya, basi, yaishe," alisema Kamanda. "Twende kazini."

Alimvisha hatamu. Mlangoni mkono wake ulikwenda kwenye vumbi, ukasita. Hakukuwa tena na wa kumdanganya. Kamanda alijipaka vumbi begani, begani palepale, akafungua kifungo kimoja, akatoka.

Walikuwa wamejipanga uani, mwokaji na unga kwenye nyusi, wakandaji na mikono yao myeupe, bosi na miwani yake. Hakuna aliyecheka.

"Pole, Kamanda," walisema, mmoja baada ya mwingine.

"Leo alikuwa na siku mbaya," alisema Kamanda, na bosi akampa mkono wa kupandia garini.