Peremende za Tek-seng

Siok-bin alimzika mumewe, lakini hasira yake hakuizika. Mumewe, Bun-hiong, alikuwa na kisukari, na mdogo wake Tek-seng, mwenye duka la peremende pale Tainan, ndiye aliyekuwa akimletea peremende zisizo na sukari. Ale atakavyo, alimwambia, tumbo halizijui, zinapita tu. Bun-hiong akala kama mtoto. Akaharisha hadi akaishiwa nguvu, na sukari ikampanda vilevile. Daktari alieleza maiti ikiwa imekwisha kufunikwa: utamu ule sehemu yake huingia damuni, unaobaki hukaa utumboni ukivuta maji. Tek-seng aliyasikia hayo kwa masikio yake. Baada ya matanga akafungua duka, na tangazo lake lile lile mlangoni: hazina sukari, hazina neno.

Mwaka ukapinduka. Ikafika siku ya kumpata mkuu wa sherehe za hekalu la mungu wa kike aitwaye Mama wa Mbinguni, cheo ambacho Tek-seng alikiota tangu ujana. Mama huchagua mwenyewe: wanaokitaka hupiga magoti mkekani kwa zamu, hurusha vipande viwili vya mti, kimoja kikilala chali na kingine kifudifudi jibu ni "ndiyo", na anayejibiwa "ndiyo" mfululizo mara nyingi kuliko wenzake ndiye. Anayeinuka kabla hajamaliza amejitoa.

Siok-bin, aliyefagia hekalu hilo kila alfajiri, aliweka madhabahuni bakuli la peremende za shemeji yake. Ubani ulipokwisha kuungua akalishusha, akamwendea mbele ya watu.

"Baraka ya Mama, shemeji. Kula. Si mwenyewe husema hazina neno?"

Kilichotoka madhabahuni hakikataliwi, hata na aliyefunga, na wateja wake walikuwa wakitazama. Tek-seng, ambaye alikuwa amefunga, alicheka, akatafuna. Siok-bin akazidi kumnyooshea bakuli hadi likabaki tupu.

Zamu ya Tek-seng ilichelewa. Alipopiga magoti, ndiyo ikaja, na nyingine, na nyingine. Watu wakanong'ona kwamba huyu ndiye. Hapo tumbo likanguruma hata mpiga ngoma akageuka. Jasho likamtoka. Akajibana, akarusha tena: ndiyo. Kisha akainuka mbio, kashika suruali.

Aliporudi, amejikunja, mkekani palikuwa na mwingine.

"Umeniua, shemeji."

"Aliyekufa ni kaka yako," akajibu Siok-bin, kwa sauti ya kusikika na wote. "Wewe umeharisha tu."

Mzee mmoja mwenye kisukari akatoa pakiti mfukoni, akaitupa miguuni pa Tek-seng, akaenda zake. Wengine wakafuata. Siok-bin akasimama pale hadi wa mwisho. Siku hiyo alisali kama kawaida, ila msamaha hakuuomba.