Tone ya verni pa appareil ya Élie

Bandugu, ile nitabaeleza leo hamutaamini. Ata miye, niliposikia mara ya kwanza, nilisema: hapana, hii ni bongo, uongo mutupu. Fotografe anaenda mu kilio, anapiga picha tangu asubui mpaka banafunga sanduku, anarudi kwake na furaha ya kazi, na mu appareil hamuna ata uso moya. Giza tupu! Na haiko buloji, haiko carte iliharibika. Ni bouton, kitufe tu ya kubonyeza. Usipitishe kidole mbio-mbio pa simu, soma polepole.

Huyu fotografe banamwita Élie. Eko pa mutaa ya Katuba, studio yake ni chumba ya mbele ya nyumba. Mutoto anabatizwa, banaita Élie. Bibi-arusi anatoka, Élie. Muntu anakufwa, mbele ata ya kutafuta biti bya kukalia, banaita Élie, juu eko na mwendo ya heshima: anapita katikati ya bantu benye kulia na hakuna mwenye anamusikia.

Appareil yake ni ya kisasa, ile ya bila kioo ndani. Iko na bouton kila pahali sawa mutoto mwenye tetekuwanga, na pa juu iko na kagurudumu. Uzuri yake, unaweza kuifundisha. Bouton hii unaiambia: weye utatafuta uso ya bantu. Ile: weye utazima sauti. Pa kagurudumu, namba moya unaweka réglage, ni kusema mupango ya mwanga, ya nyumba ya giza, namba mbili ya jua, ni weye na mapenzi yako. Élie alikuwa ameifundisha yake mpaka muntu mwingine akiishika anapotea. Na pa bouton moya ya nyuma, ile ya kutafuta uso, alikuwa ameweka tone ya verni, ile ya makucha, ikakauka ikakuwa ngumu sawa mbegu.

"Yaya, ni demu gani huyu anapakaa verni mpaka pa appareil?" Wivine alimuulizaka vile.

"Ule atakuwa shemeki yako. Anza kumuheshimu."

"Shemeki wa ukucha moya!"

Wivine ni mudogo wake, baba moya mama moya, njo maana anamwita yaya, kaka mukubwa. Kazi yake ni pa ordinateur, kusafisha picha. Kupiga nako anapenda sana, alijifundisha na video mu simu, lakini Élie hakumuachaka ashike ile ya kisasa. "Chukua ile ya zamani." Paka vile, kila siku.

Sasa, siku ya yenga moya, siku ya kusali, kuko komunyo ya batoto pa kanisa ya paroisse. Ile ya zamani inakataa kuwaka, na Élie ameenda kuona rafiki mugonjwa ku Ruashi. Wivine anachukua ile ya kisasa. Anaiwasha: bintu yote iko kichwa chini! Bouton ya video inazima sauti. Ya kufuta picha imefungwa. Anageuza kagurudumu pa namba moya, picha inatoka nyeupe mu jua, uso ya batoto inapotea. Anawaza: yaya amegusa-gusa menu bila kujua, na haya inamukamata kuniuliza. Basi nimusaidie. Anaingia mu menu, rudisha yote ya mwanzo, ndiyo. Namba moya anaweka jua. Bouton kila moya anaipanga vile video zinasemaka. Ata ile verni, anachukua acétone, maji ya kutosha verni, anafuta, pahali panangaa.

Ilikuwa zawadi, munasikia? Alipenda amuambie mangaribi, bacheke pamoya. Lakini Élie alirudi amechoka, akalala. Na asubui papa Donat alikuwa tayari anagonga mulango.

Bibi ya papa Donat, mama Régine, alikufwa siku mbili mbele. Maziko ni leo. Na mutoto yabo wa mwisho, Gauthier, eko mu ndege. Atashuka pa uwanja ya ndege ya Luano kesho.

"Élie, mwanangu," papa Donat anasema, kofia mu mukono. "Gauthier hatamukuta. Unipigie uso ya mama. Ata moya tu, mutoto aone vile alilala."

"Papa, usiogope. Ile nitakupa."

Élie alirudi jua ikiwa inashuka. Viatu yake ilikuwa na vumbi ya makaburi. Hakuvua ata koti. Alivuta kiti akakaa karibu na Wivine, akamupa carte ya picha.

"Fungula. Nilisimama pa kichwa ya sanduku. Dirisha ilileta mwanga kiloko, kidogo tu, pa shavu yake. Nakuambia, picha ya vile sijapiga tangu nianze hii kazi."

Wivine anafungula. Nyeusi. Ya pili, nyeusi. Anapitisha, anapitisha, zote nyeusi sawa makala. Njo pale anakumbuka namba moya: yaya aliigeuza akiwaza ingali ya nyumba ya giza. Ile jua aliweka yeye mwenyewe njo imekula nyumba yote ya kilio. Anageuka kumutazama yaya yake, anangojea apige kelele.

Élie anacheka. Eko anaangalia ile écran, kioo ya ordinateur, iko nyeusi, na anacheka polepole.

"Unaona? Amelala sawa muntu mwenye anasikiliza kitu."

Wivine akaangalia écran tena.

"Yaya... unaona nini?"

"Namna gani, naona nini? Mama Régine."

"Yaya, hakuna kitu. Iko nyeusi. Zote."

Kicheko ilibakia kwanza pa uso yake, sawa mugeni mwenye hajasikia kama kilio imeisha. Kisha Élie akanyoosha mukono, akapapasa écran na vidole, polepole, huku na huku.

"Tangu kipwa ile ilipita, ile miezi bila mvua," akasema. "Macho ilianza kuzima pa pembeni. Munganga alisema itafunga mpaka katikati, na dawa haiko. Sasa bantu naona sawa moshi. Njo maana nilipanga zile bouton. Appareil inatafuta uso yenyewe. Miye natafuta tu tone ya verni na kidole. Leo sikuisikia. Nikasema imetoka na jasho, nikahesabu bouton kwa kupapasa." Akakunja vidole. "Macho iliniacha, nikasema vidole iko. Sasa vidole nayo imeanza kunidanganya. Wivine, basi. Mwite fotografe mwenzangu Mapalo kesho, aichukue. Aliipendaka sana."

Pale njo Wivine angesema ni yeye aligeuza yote. Maneno ilikuwa tayari mu kinywa. Akazima ordinateur.

"Na usiambie muntu mambo ya macho," Élie akaongeza. "Siku Katuba inajua, hakuna mwenye ataniita tena. Afazali baseme nilichoka."

Akaenda yeye mwenyewe kwa papa Donat, na kutembea, mukono moya pa bukuta ya bantu. Akamuambia kosa ni yake. Papa Donat hakumutukana. Alimuletea kiti, na Élie anasema ile kiti njo ilimuumiza.

Kesho yake, Mapalo anafika, fotografe mwenziye, mucheshi kupita kipimo. Anakuta Wivine pa kizingiti, appareil pa magoti, chupa ya verni mu mukono. Alikuwa ameamuka na kazi ya kurudisha yote vile yaya aliipanga. Bouton moya-moya alikuwa anaikumbuka, kwani siku ya komunyo kila moya aliibadilisha yeye mwenyewe akiicheka.

"Eh, Wivine! Unapakaa appareil makucha? Inaolewa leo?"

"Nyamaza kwanza, Mapalo."

Élie akatoka, akapokea appareil ili amupe. "Njo hii. Uishike muzuri, iko..." Kidole ikasimama.

"Wivine."

"Yaya."

"Hii verni inanuka. Ni mupya."

"Ni yangu, yaya."

"Na namba moya?"

"Nilirudisha nyumba ya giza. Ni miye niliitoa, siku ya komunyo. Vidole yako haikukosea." Akaanza kulia. "Haikukosea, yaya."

Angepiga kelele ingekuwa afazali. Élie akapapasa ile verni. Kisha akageuza kagurudumu, tik, akamugeukia Mapalo mwenye alikuwa ameingia mu giza ya chumba, akapiga. Akapeleka écran karibu na sikio ya Wivine, sawa ni yenye kusema.

"Niambie."

"Ni Mapalo, kinywa wazi. Nywele moya-moya inaonekana. Na meno ya pembeni inakosa."

"Ile ilitokaka zamani!" Mapalo akasema. "Munapiga bantu bila kubaambia?"

"Rudi kwako, ndugu yangu," Élie akamujibu. "Hii appareil haitoke tena hapa."

Mapalo alipoenda, Élie akasema: "Ku papa Donat uende weye. Umuambie uligeuza réglage. Lakini macho yangu, hapana. Apa."

Wivine akaapa.

Kule kilio ilikuwa ingali na bantu. Gauthier alikuwa amefika, begi yake ya ndege ingali na karatasi. Jirani alimupa simu yenye picha moya ya kanisa, na mu picha kunaonekana maua, na mugongo ya bantu, na kapembe ka sanduku. Alikuwa anaikuza na vidole, anaikuza, sawa uso inaweza kutoka kwa nyuma.

Wivine akapiga magoti. "Papa Donat, yaya Gauthier, ni miye. Niligeuza appareil bila kumuambia. Élie hana kosa."

Papa Donat akainamisha kichwa. Gauthier hakukasirika. Aliuliza tu, na sauti ya muntu mwenye hajalala:

"Dada, nimesikia. Lakini fotografe anaangalia mbele ya kupiga. Siku muzima, mbele ya mama yangu, Élie hakuona giza namna gani?"

Wivine anaangalia chini. Akisema kweli, kazi ya yaya yake inakufwa pale pale, na kiapo pamoya nayo. Akisema bongo, anadanganya mutoto mwenye hakuona mama yake, na siku ya posho, mbele ya yenga, Élie ataenda tena kwa bantu na macho ya moshi. Gauthier eko anangojea, ile simu ingali mu mukono.

Sasa weye mwenye kusoma: kama ni weye ulipiga magoti pale, ungemujibu nini?