Udi Kabla ya Kahawa

Bwana Aidarus, muuza vitambaa wa Mji wa Kale, alipatwa na mshtuko wa moyo dukani mwake, na Mwenyezi Mungu akamrudisha. Lakini mkewe, Bi Zubeida, alijua fika kwamba kurudi si kupona. Daktari Mirriam alimweleza polepole. Moyo ukijeruhiwa, askari wa mwili hukimbilia pale kusafisha kidonda. Kazi nzuri, ila wengine wakishamaliza hawaondoki, na fujo zao huzidisha maradhi. Ndiyo maana Aidarus akidungwa sindano, dawa ingali ya majaribio, ya kuwatuliza. Sasa askari wakitulia, mafua ya mtu hupata njia. Apumzike, basi, na watu wasimjazane chumbani.

Haya, kawaambie hayo watu wa Mji wa Kale! Kumzuru mgonjwa ni sunna, na mlango wa kumfungia mgeni haujachongwa. Walikuja wa Ganjoni, wakaja wa Tononoka, na mahamri, na kuku wa kupaka, na habasoda ambayo mtu aliapa ilimfufua mjomba wake. Wote walimsaidia Aidarus kuchoka. Naye bwana mwenyewe, kila mgeni akiingia, lazima ainuke kitandani, maana kumpokea mgeni umelala ni aibu. Jasho likimvuja usoni.

Wifi yake Maisara alipofika na kikohozi chake, akaketi sebuleni kungojea kahawa, Bi Zubeida akaona yatosha. Kwao kahawa hutangulia na udi huja mwisho. Chetezo cha udi kikishapita, mgeni mwenye adabu huaga. Akaufunga mlango wa chumbani, akaleta chetezo kabla ya kahawa.

Maisara alikitazama chetezo, akamtazama wifi yake, akalifukiza buibui lake, akasema Mungu amponye ndugu yake, akavaa viatu. Wageni wengine wakamfuata. Alikasirika? Mno, lakini alikwenda kukasirikia kwake.

Bi Zubeida akarudi kwa mumewe. Akaupandisha mto, akaushusha. Akamfunika, akamfunua. Akamwekea sikio kifuani, kisha akamuuliza kama amelala.

"Mama Noor," akasema Aidarus, macho kayafumba, "udi umebaki?"

"Umebaki."

"Basi nawe jifukize."

Bi Zubeida alicheka hadi machozi yakawa ya kweli, maana tangu mumewe aanguke hakuwa amelia. Akatoka, akaketi nje ya mlango, na baada ya kitambo akamsikia anakoroma.