Msimamizi Aliyekuja kwa Ndege

Shemeji Calist, kaka mkubwa wa mume wangu, aliposema atakuja kwa ndege kumsimamia binti yangu Rebeka ubatizo, baba mkwe, Mzee Yeremia, alivaa koti siku mbili mfululizo. Nduguti nzima ilipewa taarifa: Dar hadi Dodoma ni kilomita mia nne za angani, saa moja tu.

"Basi linatembea kutwa nzima," alimwambia kila aliyepita. "Mwanangu atakunywa chai Dar, ugali atakula hapa."

Sikumcheka. Mimi mwenyewe nilipiga hesabu tuliyofundishwa masomo ya jioni, umbali gawanya kwa mwendo, nikapata jibu zuri mno. Na nilitaka liwe kweli. Mchungaji hufika mtaa wetu mara moja kwa miezi mitatu. Safari iliyopita tulimngoja Calist, hakutokea, mwanangu akarudi nyumbani hajabatizwa. Sasa ameshaota meno.

Tiketi ya ndege ilikuwa ya mtu mmoja. Mkewe, Yustina, mama wa Eliya, alitangulia Jumamosi kwa basi, akashuka njia panda ya Iguguno, akamalizia kwa bodaboda, vumbi hadi kwenye kope, gauni jeupe la mtoto amelipakata.

Jumapili alfajiri Calist akapiga simu. "Nipo uwanja wa ndege!"

Hapa kwetu mgeni hupimwa kwa sufuria. Akiwa Singida mjini, unachinja kuku. Akipita Iguguno, unabandika maji ya ugali. Kwa ndege, mama mkwe hakuwa na kipimo. Aliposikia uwanja wa ndege, akabandika palepale.

"Mama, akishuka Dodoma bado kuna barabara."

"Mtu wa ndege ana barabara gani tena, Mama Rebeka? Lete unga!"

Tukasonga. Ugali ukapoa. Simu: ndege imechelewa kidogo. Tukasonga mwingine. Simu: sasa ndiyo tunapanda. Tukasonga wa tatu; huo waliula kuku waliokuwa wachinjwe.

Kanisani, Mchungaji Mathayo akauliza, "Msimamizi wa mtoto yuko wapi?"

Baba mkwe akasimama, akafunga kifungo cha koti. "Yuko angani, Baba Mchungaji."

Nusu ya waumini wakatazama dari.

"Angani tunapaheshimu," alisema mchungaji, "ila mimi nahitaji wa kumshika mtoto. Mtaa mwingine unanisubiri."

"Tumngoje. Ni saa moja tu."

Andrea, mume wangu, alikuwa anachunguza viatu vyake. Nikaiona miezi mingine mitatu inakuja. Nikainuka, nikamweka Rebeka mikononi mwa Yustina. Kisha nikamgeukia mkwe wangu, sijui nianzie wapi.

"Shikamoo, baba. Naomba asimamie huyu. Huyu amefika."

Mzee Yeremia hajawahi kuacha shikamoo ya mtu ikining'inia. "Marahaba," mdomo ukamtoka kabla ya hasira.

"Basi baba ameridhia," mchungaji akasema haraka, akachota maji.

Rebeka alipiga ukelele wa kutikisa madirisha. Yustina akamfuta utosi kwa ncha ya kitenge, taratibu, huku machozi yanamtoka yeye.

Calist aliingia jua likizama, suti imechukua rangi ya barabara.

"Angani saa moja na dakika tano! Nimeitazama saa mwenyewe." Akasugua viganja. "Haya, mtoto yuko wapi? Tuanze."

Yustina hakuinuka mkekani.

"Mwanangu wa ubatizo amelala, Baba Eliya. Punguza sauti."