Petroli ya Mpwa

Kabichi za Mzee Fidelis zilikuwa zimelala, majani yamekunjamana kingoni. Mfereji ulikuwa umekauka tangu mwezi uliopita, na pampu ilikaa kando ya kijito bila tone la petroli. Bandani kulikuwa na dumu lililojaa petroli, lakini hakuna aliyeruhusiwa kuligusa. Lilikuwa la mpwa wake, Laurenti.

Laurenti alikuwa mtu wa mjini, Mafiga, mwenye gari jekundu na visingizio vya kutosha. Kwa Waluguru, wanaofuata ukoo wa mama, mjomba ndiye mwenye mpwa, na mpwa anayepanda milimani kumwamkia kisha akashuka siku ileile amefanya nusu ya kazi. Laurenti aliifanya nusu hiyo kwa miaka kadhaa. Akilala, maongezi ya usiku yangefika kwenye shamba la ukoo na nani atakayelishika. Kwa hiyo kila alipoombwa alale, gari lilimtetea: linataka petroli ya oktani ya juu, ile safi ya bei ghali, na kule milimani hakuna ila ya kawaida inayouzwa kwenye chupa; likinyweshwa hiyo, injini itagonga na kuharibika. Alilieleza jambo hili vizuri mno, hata akaanza kujisifu kwalo.

Safari hii, alipomaliza shikamoo yake na kuangalia saa, mzee alitoka bandani amelikumbatia dumu.

"Ya oktani hiyo. Nilishuka mwenyewe mjini, nikamwambia muuzaji anipe ile ya juu. Sasa utalala."

"Na kabichi, mjomba?"

"Pampu itasubiri, nikipata nitainunulia yake. Haya ni mafuta ya gari lako."

Laurenti aliona aibu, aibu ya kweli. Ndani ya kifuniko cha tangi lake palibandikwa maelezo kwamba petroli ya kawaida inatosha. Hakuwahi kununua nyingine.

Alilipokea dumu, akateremka nalo hadi kwenye pampu. Mzee akamfuata.

"Mjomba, gari langu linakunywa ya kawaida."

"Tangu lini?"

"Tangu nilinunue."

Mzee Fidelis alimtazama akimimina.

"Kumbe ulikuwa unanikimbia mimi," alisema.

Laurenti alivuta kamba ya pampu, ikakohoa, ikawaka. Maji yakafika tuta la kwanza.

"Leo nitalala, mjomba," alisema, akipaza sauti kuushinda mngurumo.

"Lala ukitaka," mzee alijibu, kwa upole ule anaowapa wapita njia, akaenda kuwafunga mbuzi.